Fundi na Printa ya Zahanati

Fundi alikaa kwenye benchi nje ya duka la kinyozi, kahawa imempoa mkononi. Asubuhi alikuwa zahanati, kwenye kompyuta yenye mafaili ya wagonjwa. Printa ya lebo za chupa za damu ni ya zamani, na programu yake, aliyoichota mtandaoni, iligoma kabisa mpaka aondoe kizuizi kinacholinda kumbukumbu ya kiini cha kompyuta, kule ndani mfumo mzima unakoendeshwa. Akakiondoa. Lebo zikatoka, manesi wakashangilia, naye akaondoka roho ikimsuta.

— Kiini ni kama jikoni, aliwaeleza wenzake. Programu nyingine zinapokea sahani dirishani. Hii nimeiingiza ndani. Ikitaka kusoma siri za watu, inasoma. Ikitaka kujificha, huioni.

— Acha woga bwana! alisema Kinyozi, ambaye hakuna jambo asilolijua. Wezi wa mtandao wanataka mabenki. Zahanati wataiba nini, kikohozi?

— Usicheze, alidakia Breki, dereva wa lori. Wanakuandika umekufa! Unaenda kutibiwa, unaambiwa marehemu hahudumiwi.

— Tena wanabadilisha makundi ya damu, aliongeza Kinyozi kwa mzaha.

— Ya nani?

— Ya mtaa mzima! Kesho sote kundi moja.

— Heri hilo, alisema Breki, mama mkwe ataacha kunibagua.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi hakucheka. Mara Breki akaweka kikombe chini.

— Kwani hata faili langu limo humo? aliuliza kwa sauti ya chini.

— Limo, ndugu yangu.

Breki akainamia viatu vyake. Kinyozi, pamoja na ujuaji wake wote, hakumuuliza anaumwa nini.

Hapo akatokea nesi, mbio mbio, daftari mkononi.

— Kaka Fundi, ahsante sana kwa ile printa! Daktari anataka niandike tu: hiyo programu kaitengeneza nani?

Fundi akaona aibu inampanda mpaka masikioni.

— Sijui, dada.

— Hujui?

— Sijui, na nimemwachia huyo mtu funguo za nyumba nzima. Rudi ukachomoe waya wa mtandao. Nakuja kuisafisha mashine yote, nirudishe kizuizi.

— Na lebo? Foleni imefika getini!

— Leo mtaandika kwa mkono. Nitawaomba radhi mwenyewe, mmoja mmoja.

Alikuwa bado anapapasa mkoba wake wa vifaa chini ya benchi.

— Fundi, alisema Breki bila kuinua macho, kimbia.