Mzee Adriano na Mabano ya Ulyankulu

Baada ya miaka thelathini na miwili katika ushirika wetu wa asali hapa Tabora, Mzee Adriano Kasimiri anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wasifu huu umeandikwa kwa sharti lake: kisa cha Ulyankulu kisirukwe, la sivyo hahudhurii sherehe yake mwenyewe. Tulimbembeleza, akakataa katakata. Basi tunaandika, ingawa siku kama ya leo tungependa kusema mazuri matupu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, kijana mwembamba kutoka Puge, suruali imenyooshwa pasi mpaka inakata. Kompyuta ya kwanza ilipofika aliifunika kitambaa cha kufuma, akapiga marufuku chai chumbani humo. Kikombe chake mwenyewe kikawa kinaishi nyuma ya printa. JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alijifunza ukubwani, katika kibanda cha intaneti kule Chemchem, amebanana na wanafunzi waliodhani amekuja kumsaka mtoto wake. Mfumo wa kupokea asali tunaoutumia hadi leo ni kazi ya mikono yake, na kuanzia Bukene hadi Urambo watu wamesahau foleni za zamani.

Ndani ya mfumo huo kila kituo cha kupokelea asali ni objekti, yaani fungu moja lenye taarifa za kituo na kazi kinazoweza kufanya. Maelekezo ya kupanga daraja la asali Mzee Adriano aliyaandika mara moja tu, kama fankisheni, kisha akayakabidhi kwa kila kituo yawe methodi yake, yaani mojawapo ya kazi zake. Karani akiingiza kipimo cha unyevu, kituo kinapanga daraja chenyewe. Kukabidhi ni kuandika jina la fankisheni, basi. Ukiweka mabano baada ya jina, unaiamuru ifanye kazi papo hapo, na kituo kinabaki na jibu badala ya fankisheni.

Alipofungua kituo cha Ulyankulu aliweka mabano. Fankisheni ikafanya kazi kabla hata ndoo moja haijafika, bila kipimo chochote, ikaangukia jibu la mwisho, la asali isiyofikia daraja lolote: asali ina maji, irudishwe. Jibu hilo ndilo lililokaa pale. Kwa kawaida karani akiingiza kipimo mfumo ungekwama na kulalamika kwamba hapo hakuna fankisheni, lakini Mzee, kwa fahari ya kuwa na mfumo usiokwama, alikuwa ameuelekeza uonyeshe chochote utakachokikuta.

Kituo hicho kilikihudumia kikundi cha wanawake cha Mama Rustika, mwenyekiti aliyekusanya na kutunza ndoo za wenzake wote. Zikarudishwa zote. Karani wetu wa huko, Fideli, alipiga simu kusema kwamba kipimo cha mkononi kinasoma vizuri. Mzee akamwambia afuate mfumo. Mama Rustika akapanda basi na ndoo yake hadi ofisini. Mzee hakuifungua hata kifuniko. "Mama, mashine haina ndugu," alimwambia mbele yetu, nasi tukacheka. Nyumbani wenzake wakasema anatia maji asali yao, wakamvua uenyekiti.

Kosa lilijulikana pale Fideli alipoingiza kituoni kwake kipimo cha asali ya ghala letu, ambayo tayari ilikuwa daraja la kwanza, na skrini ikaikataa nayo. Mzee alifungua kompyuta, akayaona mabano. Kuyafuta hakukumchukua muda. Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa kule Ulyankulu baada ya misa, akasema kosa ni lake. Wanakikundi walimsikiliza. Mama Rustika aliinuka akaenda zake, na hajatuletea asali tena.

Tangu hapo kila mfanyakazi mpya hufundishwa kwa kosa hilo. Mzee huandika mstari wenyewe ubaoni, na jina la Mama Rustika chini yake, akaeleza kwamba kumpa mtu jembe si sawa na kumwonyesha shimo ulilokwisha kulichimba. Wageni hucheka kidogo, wakimtazama usoni wanaacha. Sisi tuliocheka siku ile hupata ghafla shughuli za nje. Tunaona aibu hadi leo, na si haki aibebe peke yake.

Tulimwalika Mama Rustika. Amejibu kupitia kwa Fideli kwamba atakuja, ila hajii wali. Anakuja na ndoo, pamoja na wanakikundi wenzake, na anataka asali yake ipimwe mbele ya wageni wote, Adriano mwenyewe akisoma kipimo. Mzee amekubali, tena ameomba ifanyike kabla ya sala ya chakula, kwa hiyo wageni mtuvumilie. Meneja naye amemwachia Mama Rustika kiti cha mgeni rasmi.

Mzee Adriano, shikamoo. Asante kwa kutufundisha na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya njema, mizinga iliyojaa kule Puge na usingizi usio na simu za ofisi. Na leo, tafadhali, usome kwa sauti.

Jeska, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako