Koili ya Mathews Odoyo

Waliokuwepo Jumamosi ile ni hawa. Zablon Opondo, mchuuzi wa samaki, aitwaye Kapteni ingawa hajawahi kumiliki hata kasia. Josphat Mureithi, muuza vipuri vya simu, aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri kwa wiki mbili na hajarudi mpaka leo. Yeye ni Chaja. Pradip Chauhan, mwenye duka la mabomba na nati ambalo benchi limeegemea ukuta wake. Huyo wanamwita Robo Inchi, kwa kuwa hakuna shida duniani asiyoipima kwa kipimo hicho. Selpha Naswa, mwenye jiko na birika, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu. Mathews Odoyo hakuwepo. Alikuwa kwake Asembo Bay, na nafasi yake mwishoni mwa benchi ilikaliwa na kofia ya Opondo, na juu ya kofia vililala vitu viwili: sigara ya umeme, ile ambayo vijana huiita vepu, na sigara moja ya kawaida ambayo haijawashwa.

Habari ya vitu hivyo viwili kila mtu kijiweni aliijua. Opondo na Mathews walikuwa wamevuta pamoja tangu ujana na kukohoa pamoja uzeeni. Pasaka iliyopita waliapa juu ya benchi hilo hilo kwamba sigara basi. Dorca, mkewe Mathews, alizitupa za mumewe ziwani siku iyo hiyo, asije akageuza nia. Mpwa wa Mathews akawaletea mashine mbili za kufanana, na kiapo kikatiwa sharti moja: atakayewasha sigara kwanza atampigia mwenzake simu, akiri kwa mdomo wake mwenyewe. Opondo hakumwogopa daktari kama alivyoiogopa simu hiyo. Alikijua kicheko cha Mathews.

Na sasa mashine yake ilikuwa imegoma. Jana, walipokutana ufuoni Luanda Kotieno kupokea samaki, ilianza kutoa moshi wenye ladha ya kamba iliyoungua. Mathews akachomoa mfukoni koili, kile kijichuma chenye waya na pamba kinachogeuza maji ya mashine kuwa moshi, akampa. Opondo akakifunga pale pale, mikono ikiwa bado na samaki. Tangu hapo, hata pumzi moja.

— Nasema hivi, — alisema Opondo. — Hii kahawa ikiisha na hii kitu haijaamka, mimi nawasha ile ingine.

— Birika iko nusu, — alisema Selpha. — Ongeeni haraka.

— Chaji iko? — aliuliza Mureithi.

— Iko. Imelala kwa umeme usiku mzima kuliko mimi.

— Umezima ukawasha?

— Nimezima, nimewasha, nimeipuliza, nimeiombea.

Mureithi aliiinua akaisogeza puani kama mtu anayesoma tarehe ya dawa. Kioo chake kidogo kiliandika kwa Kiingereza kwamba atomaiza haipo. Chini yake palikuwa na vistari viwili na neno OHM.

— Atomaiza ni hii kichwa inabeba koili, — alisema. — Mashine inasema haina kichwa.

— Na kichwa nimeishika kwa mkono, bana.

— Wewe unaiona. Yeye haioni. Ndiyo wazee wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyemuuliza mgeni ni nani.

Pradip alinyoosha mkono, akapewa. Aliizungusha taratibu, sikio likiwa karibu, jinsi alivyosikiliza mifereji ya maji kwa miaka yake yote.

— Bwana Opondo, umekaza kama bomba ya choo.

— Mathews aliniambia kaza.

— Alisema kaza. Hakusema nyonga. Hii nyuzi zake za kufungia ni laini, robo inchi haifiki. Ukikaza sana, unasukuma kitu ya ndani inashuka, haigusani tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Sasa mzee, ufa iko wapi hapo?

— Ufa ni wewe.

Selpha alimimina vikombe vitatu. Alipofika cha Opondo alisimama, birika likiwa hewani.

— Mnasumbuka bure. Hii kitu ina wivu.

— Wivu ya nini, Mama?

— Angalia ilikuwa imelala na nani hapo kwa kofia. Wewe unaambia mke ati nimekuoa peke yako, na yule wa kwanza umemweka hapo mlangoni, amevaa, ameoga. Hata mimi singepika.

— Hiyo ni ya dharura tu.

— Hata mabwana wote husema ni ya dharura.

Mureithi alicheka mpaka kahawa ikamwagika juu ya kiatu. Opondo aliiondoa ile sigara kwenye kofia, akaipachika nyuma ya sikio. Kisha, kwa kuwa si mtu wa kupuuza ushauri wowote, aliichukua mashine kwa Pradip akaibonyeza tena. Vistari viwili. OHM.

— Hapo ndipo inanichanganya, — alisema. — Tangu jana inaniambia om. Om, om. Sasa nilete nini?

— Ulete nini vipi? — aliuliza Mureithi.

— Kwetu mama akikuambia om pi, unachukua mtungi unaenda ziwani kuleta maji. Om ni enda ulete. Hii inanituma, lakini haimalizi kusema inataka nini.

— Labda ni maji ya ndani imeisha.

— Nimejaza mpaka inamwaga.

— Mama yangu, Mungu amrehemu, — alisema Pradip, — kila asubuhi alianza maombi na Om. Nyumba nzima inanyamaza. Hata baba akiwa na hasira ya duka, ananyamaza.

Wote wakaitazama mashine kwa heshima kidogo.

— Kwa hivyo inasali? — aliuliza Opondo.

— Sijasema inasali. Nasema hilo neno si la kuchezea.

— Wazee, hebu, — alisema Mureithi. — Om alikuwa mtu. Mjerumani. Alipima vile waya inazuia stima, huu umeme, isipite ovyo. Kila koili iko na om zake. Hii imechorwa nukta nane hapa ubavuni. Mashine inafaa ikigusa koili isome nukta nane. Ikisoma vistari, haijagusa.

— Huyo Mjerumani alikuwa anazuia stima? — aliuliza Selpha.

— Waya ndiyo inazuia. Yeye alihesabu tu.

— Basi ni kama polisi wa trafiki pale barabarani Kisian. Hakuna kupita bila kusimamishwa.

— Sasa umeelewa kushinda mimi.

— Na kama ni Mjerumani, — alisema Opondo, — mbona ananisemesha kwa Kijaluo?

Swali hilo lilizungushwa pamoja na mandazi mpaka mandazi yakaisha. Mureithi alidai kila fundi mkubwa lazima awe aliwahi kupita ziwani. Pradip alidai neno ni kubwa kuliko Mjerumani, Mjaluo na yeye mwenyewe. Selpha alitikisa birika kando ya sikio lake, na sauti iliyotoka ndani ilikuwa nyepesi. Opondo aliisikia. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka sikioni, ukaigusa sigara, ukashuka.

— Fungueni, — alisema, na safari hii hakuwa akitania. — Yawa, fungueni tuone. Sitaki kupigia Mathews.

— Zima kwanza, — alisema Mureithi. — Hakuna kuchokora kitu ikiwa na stima.

Alizima, akatoa betri, akaiweka kando, mbali na kahawa. Pradip akakifungua kichwa kwa vidole viwili. Waliinamisha vichwa vinne juu ya kitundu kisichozidi ukucha. Chini kabisa, penye pini ndogo ya shaba ambayo koili hukalia, paling'aa kitu chembamba kama kipande cha kioo.

— Hiyo ni sehemu yake? — aliuliza Pradip.

Opondo alitazama mara moja tu. Kazi yake ya maisha ilikuwa mle kitunduni.

— Hiyo ni gamba ya ngege.

Kisha Selpha akaketi chini kabisa, kwenye debe lake, akajifunika uso kwa leso.

— Umeuzia mashine samaki, — alisema kutoka ndani ya leso.

— Ilitoka kwa kidole changu nikifunga koili. Hapo ufuoni kila kitu iko na gamba. Hata chai.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — alisema Mureithi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ikakaa mahali pake, naye hakugundua.

Pradip alilitoa gamba kwa kijiti cha meno. Kwa kijiti hicho hicho akaibembeleza pini iliyokuwa imezamishwa na mikono ya Opondo, mpaka ikainuka upana wa unywele.

— Samaki mkunje angali mbichi, — Opondo alimhimiza Pradip.

— Hii inainuliwa, Bwana. Haikunjwi.

Alipangusa maji ya kunata kwa kitambaa chake cheupe, juu na chini, kwenye pini na kwenye kitako cha koili, akakirudisha kichwa taratibu. Kilipokataa kuendelea, naye aliacha. Mureithi akarudisha betri. Kioo kikawaka. Nukta nane, OHM.

Opondo aliichomoa sigara sikioni. Aliitazama kidogo, akaizamisha katika masalia ya kikombe chake na kuikoroga kama sukari.

— Sasa ni moja tu, — alimwambia Selpha.

— Na kahawa pia imeisha, — alijibu Selpha, lakini alikuwa akitabasamu.

— Ngoja kwanza, usivute, — alisema Mureithi. — Inauliza kitu.

Kioo kilikuwa kimebadilika. Kiliuliza: koili ni mpya, au ni ile ya zamani? Chini yake, ndiyo na hapana.

— Ni mpya, — alisema Opondo. — Nimepewa jana.

— Kupewa ni jana. Lakini Mathews alikuwa ameitumia ama hakuwa?

— Ilikuwa kwa karatasi.

— Hata kitu ya zamani inafungwa kwa karatasi, — alisema Pradip. — Mimi nauza.

— Angalia pamba, — alisema Opondo.

— Pamba imelowa maji yako. Zote ni rangi moja sasa.

— Nikijibu vibaya?

— Itashika hesabu isiyo yake, — alisema Mureithi. — Inaweza kuunguza pamba. Na hauna ingine.

Walitazamana. Watu wanne waliokuwa na jibu kwa kila jambo tangu asubuhi, na lililobaki lilikuwa neno moja, ndiyo au hapana, na mwenye kulijua alikuwa Asembo Bay.

— Si umpigie, — alisema Selpha.

— Akiona jina langu atajua nimewasha. Ataanza kucheka kabla sijasalimia.

— Basi wewe anza.

Opondo alivaa kofia yake, kama mtu anayeingia ofisini, akapiga. Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokewa hakungoja hata salamu.

— Sijawasha, — alisema. — Usicheke kwanza. Sijawasha, nimeizamisha kwa kahawa, mashahidi wako hapa. Nina swali moja tu. Ile koili ya jana ni mpya ama ulikuwa umeitumia?

Upande wa pili palikuwa na sauti za watu wengi. Aliyepokea alikuwa Dorca. Hakuwa ametazama jina; aliuliza ni nani anayezungumza, na Opondo akataja jina lake lote. Dorca akamwambia kwamba Mathews Odoyo amefariki leo alfajiri.