Historia ya Marehemu Kuwabara Tadasuke, Aliyekataza Udi Nyumbani Mwake

Mheshimiwa mtawa wa hekalu letu, ndugu, majirani, na ninyi mliotoka kiwandani, mimi ni Oyamada Kenkichi, mdogo wake Tamako aliyekuwa mke wa marehemu, na nimeombwa na mpwa wangu Chizuko niisome historia hii kwa kuwa yeye amesema hana sauti ya kumsomea baba yake, nami nimemuahidi kwamba tarehe nitazisoma sawasawa na chumvi sitaongeza, ingawa sukari pia sikuja nayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1937 katika bonde la Kiso, mkoa wa Nagano, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kuwabara Yohei, fundi wa mapipa ya sosi ya soya, na tangu utotoni aliweza kunusa pipa tupu akataja lilikuwa na nini, wakubwa wakamshangilia mno, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alisoma shule ya kijijini, kisha shule ya ufundi ya Matsumoto, akahitimu kemia tarehe 10 Machi 1956.

Tarehe 1 Aprili 1956 aliajiriwa katika kiwanda cha wiski kilichoko juu ya bonde, akaanza kwa kusugua matangi ya shaba, mwaka 1961 akaingizwa chumba cha kunusia, na mwaka 1984 akawa mchanganyaji mkuu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, kazi aliijua. Kwetu viwanda havipeani mapipa na washindani, hivyo kiwanda kinachotaka wiski ya kimea yenye mambo mengi lazima kizizae ladha zote chenyewe, kwa matangi ya maumbo mbalimbali, hamira mbalimbali na miti mbalimbali, na wa kuzipatanisha ni mtu mmoja mwenye pua, anayenusa glasi mia mbili asubuhi moja. Ni yeye aliyeyang'ang'ania mapipa ya mwaloni wa kwetu, mti mkaidi unaovuja kama kikapu, wenzake walipotaka kuyapasua kuni akawaambia, "Yapeni miaka thelathini, halafu ndiyo mnitukane."

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 23 Machi 1964 mjini Shiojiri, wakajaliwa mtoto mmoja, Chizuko, aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1968. Kwa ajili ya pua ile Tamako hakukaanga kitunguu saumu, hakuchoma samaki, hakuweka ua ndani wala kuoga kwa sabuni yenye marashi kwa miaka ishirini na sita, na alipokuja kwangu mara mbili kwa mwaka alikula samaki wa kuchoma kama mtu aliyetoka jela jana.

Tamako alifariki kwa saratani ya tumbo tarehe 9 Januari 1991. Sote hapa tumelelewa tukijua kwamba maiti, siku arobaini na tisa za kwanza, chakula chake ni moshi wa udi, hana kingine, na siku ya tatu baada ya mazishi marehemu aliyakusanya maboksi yote ya udi tuliyoletewa akayatoa nje. Chizuko alipiga magoti akasema, "Baba, kijiti kimoja tu, ukishatoka kwenda kazini." Akajibiwa, "Hata nusu. Harufu ikiingia kwenye nguo zangu nitaharibu kazi ya watu wote wa kiwandani." Mama yetu, mwenye miaka themanini na minne, alipanda treni kutoka Shiojiri na pakiti ya udi kwenye mkono wa kimono, marehemu akamwambia mlangoni, "Mama, hiyo iache huko na viatu." Aliiacha na viatu, akarudi na treni ya jioni, na hakukanyaga tena nyumba ile mpaka alipokufa.

Oktoba mwaka huohuo mapipa ya mwaloni yakafunguliwa, miaka thelathini tangu yajazwe imetimia, na wiski ikatoka na harufu ya udi wa hekaluni, magazeti yakamwita bingwa, akaleta nyumbani kikombe kimoja akakiweka mbele ya picha ya mkewe, akamwambia Chizuko, "Udi wake ndio huo." Dada yangu hakuwahi kunywa pombe maishani mwake.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2002, na Chizuko alipouliza, "Sasa pua ya nini, Baba?" akajibu kwamba ameshazoea. Januari 2017 homa kali ilimwondolea uwezo wa kunusa, daktari akasema haurudi, na ndipo akaomba udi uwashwe. Nilikuwepo. Alikaa mbele ya picha akafumba macho, kama alivyofumba kiwandani, akangoja, kijiti kikaungua hadi nusu, akasema, "Chizuko, washa basi mwanangu."

Alipata kiharusi tarehe 19 Februari 2019 na kufariki tarehe 26, akiwa na miaka 81.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, na zaidi ya wote jirani yetu Bibi Nezu, ambaye mwaka 1991 alimfukizia Tamako nyumbani kwake siku zote arobaini na tisa, dirisha wazi, na marehemu alipokwenda kulalamika akamwambia, "Bwana Kuwabara, pua ni yako, dirisha ni langu."

Sasa mtapita mmoja mmoja kufukiza. Mtaona picha mbili, na Chizuko anaomba ile ya kushoto, ya mama yake, ndiyo mwianzie, kwa sababu ana njaa ya miaka ishirini na minane. Nawe shemeji, mngoje mkeo ashibe, kisha upumzike kwa amani.