Siri ya Mama Ofisa

Mama mwenzangu mwenye mtoto anayerudia mtihani, sikia ya Mama Gerson wa Chidya.

Gerson ni koplo jeshini. Mwaka jana, kabla matokeo ya mtihani wa uofisa hayajatoka, mama yake alitoa sadaka ya shukrani kanisani, na kijiji kizima kikamwita Mama Ofisa. Gerson akafeli. Mwaka huu amechukua likizo, anajisomea kwa mjomba wake Newala, na amemwonya mama yake: "Nikisikia mtu mwingine anajua, sifanyi."

Basi kwenye Kosta ya abiria kutoka Masasi, akienda kumwona, miguu ya mama haikutulia. Bibi mmoja wa Makote, waliyekaa naye kiti kimoja, akamuuliza, "Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, bibi. Nina siri."

"Basi kaa nayo."

Akakaa nayo mpaka kilima cha kwanza. "Mwanangu anarudia mtihani wa uofisa Alhamisi! Kutwa anasoma ramani, alfajiri anakimbia na begi la mchanga mgongoni."

"Si ulisema siri?"

"Kwani wewe unamjua, bibi? Hata padri sijamwambia."

"Padri hajui, ila dereva kashajua. Muombee kimyakimya, mama, Mungu si kiziwi."

"Nani kapiga kelele?" aliuliza Mama Gerson, abiria wa nyuma wakageuka.

Stendi ya Newala konda akashusha kapu la mihogo, akaita, "Mama Ofisa, mzigo wako!"

"Abee!" akaitika kabla hajajizuia.

Aliyenyoosha mikono kulipokea kapu alikuwa Gerson.