Nuzha Hijazin na Lango la Ayn Zaytar

Baba Paroko, wazee wa Smakiyeh, majirani na ndugu mliofika kutoka Karak na Madaba, familia imenituma mimi Muwaffaq, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasimulie dada yetu alikotoka na alikopita, pamoja na yale ambayo mwenyewe hakupenda yasemwe akiwa hai.

Nuzha alizaliwa tarehe 3 Machi 1959 hapa Smakiyeh, mtoto wa pili wa mzee Odeh na mama Fiddah, akasoma shule ya kanisa hapa kijijini, kisha sekondari ya wasichana Karak, na mwaka 1980 akahitimu uuguzi mjini Amman. Alihudumu wodi ya watoto Karak hadi alipostaafu mwaka 2014, na wengi wenu mlioketi hapa mlichomwa sindano kwa mkono wake, mkalia, naye akawaambia, "Lia, mwanangu, ila usinipige teke."

Tarehe 12 Agosti 1983 aliolewa na Atallah, mkulima wa ngano, aliyemfundisha kuendesha trekta, wanawake wa kijiji wakamcheka mwaka mzima, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ghaith na Maysun. Atallah alifariki Januari 2016, nyumba ikawa kimya mno, na majira ya kuchipua Nuzha akatuaga kwenda Lebanon, kujitolea katika makao ya watoto yatima na wenye ulemavu huko Ayn Zaytar milimani, akasema ni miezi mitatu tu, akakaa zaidi ya miaka minne.

Miongoni mwa watoto wale alikuwapo Jumana, msichana wa miaka kumi na miwili, asiyesema, mpenda kutembea, ambaye mlango ukiachwa wazi kidogo tu ameshafika barabarani, na kwa ajili yake mkuu wa makao, Bwana Fuad, alilifunga lango la nyuma kwa mnyororo, na ufunguo akawa anatembea nao mwenyewe. Dada yetu aliitazama misonobari mikavu iliyogusa ukuta, akaitazama ile barabara moja ya mbele, akakosa raha.

"Bwana Fuad, moto ukipanda kutoka bondeni, watoto wa viti vya magurudumu nitawapitishia wapi?"

"Mama Ghaith, wewe mgeni wetu, kunywa kahawa yako. Msitu huu ulikuwapo kabla ya babu yangu."

"Na babu yako alikuwa halifungi lango."

Waliokuwapo walicheka, yeye hakucheka.

Kiangazi cha mwaka 2020 kilikataa kwisha, mbuzi wa majirani wakawa hawataki kupanda malishoni, Oktoba upepo wa mashariki ukaanza kuvuma, na harufu ya moshi ikatangulia siku kadhaa kabla ya moshi wenyewe, kila aliyeulizwa akijibu kwamba ni wachoma mkaa tu. Nuzha alinipigia simu, akaniambia, "Muwaffaq, ndege wamehama." Nikamsihi arudi nyumbani. "Niwaache na nani?" akauliza, akakata simu.

Tarehe 14 Oktoba, mchana, watoto wakiwa mezani, moto uliifunga barabara ya mbele, Bwana Fuad yuko mjini na ufunguo uko mfukoni mwake. Dada yetu alipanda lori dogo la kubebea nguo za kufuliwa, akaliendesha kwa kasi moja kwa moja hadi langoni, mnyororo haukukatika, ila nguzo zake ziling'oka, na yeye pamoja na wapishi wawili wakawasukuma watoto, wengine wakawabeba mgongoni, mpaka kwenye shamba tupu lisilo na kitu cha kuungua. Hapo ndipo walipogundua kuwa Jumana hayupo. Wapishi walimshika dada yetu nguo, akawaponyoka, akarudi ndani, akamkuta mtoto kabatini katikati ya mashuka, amejikunja, moshi umeshamkatisha roho, akambeba akatoka naye.

Wengine wote waliokoka. Bwana Fuad alipofika alimpigia magoti, naye akamwambia, "Inuka, watoto wanakutazama," wala hakusema naye tena.

Alirudi kwetu mapafu yakiwa yameharibika, akaishi na mtungi wa oksijeni, na kila upepo wa mashariki ulipovuma alifungua milango yote ya nyumba, hata wakati wa baridi, nasi tukazoea kula tumevaa makoti. Juni mwaka huu hali ilizidi, akalazwa Amman, na tarehe 21 Septemba 2023, asubuhi, Maysun akiwa amemshika mkono, akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Amman, wenzake wa wodi ya watoto Karak, majirani waliotuletea chakula tulipokosa nguvu ya kuwasha jiko, na wapishi wale wawili, ambao wamesafiri kutoka Lebanon na wako nasi hapa.

Nina neno moja la kuongeza. Makao ya Ayn Zaytar yamejengwa upya palepale, watoto wamerudishwa, wanatafuta muuguzi, na Maysun amekubali. Kaka yake amemkataza, nami mjomba wake nimemkataza mbele ya jeneza hili, naye ametujibu kwamba Oktoba haitangoja tumalize matanga. Anaondoka Jumatatu.

Lala salama, dada yetu Nuzha, upumzike. Sisi tuliobaki tunausikiliza upepo.