Mwalimu Koo Anahamia kwa Mwanawe

Ijumaa hii, mwezi ukiisha, Mwalimu Koo anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kuwafundisha watoto wasiosikia katika shule yetu. Mwalimu mkuu ameniomba mimi, mlezi wa bweni, niandike maneno matamu ya kutia kwenye ratiba ya sherehe. Matamu yapo, nitayaandika. Lakini mtu hasifiwi kama maiti naye yu hai, tena ana safari mbele yake.

"Koo" si jina la kwao. Alikuwa akimkalisha mtoto mbele ya kioo, anamshikisha koo lake, anatoa sauti mpaka mtoto ahisi mtetemo, kisha mtoto naye ajishike lake autafute huohuo. Watoto wakampa jina la ishara huko bwenini: vidole viwili kooni. Sisi tunaosikia tukalidaka. Alipokuja kuambiwa maana yake, alicheka mpaka akakohoa.

Kwa kazi tusidanganyane, hapakuwa na wa kumshinda. Alianza enzi za zile mashine za kusikilizia za kifuani, kisanduku kama redio ndogo na nyaya hadi masikioni, akamalizia na hizi ndogo zinazojificha nyuma ya sikio. Mashine ikipiga mluzi, yeye anajua kipande cha sikioni kimelegea kwa sababu mtoto amekua. Siku za unyevu alizifukia kwenye mikebe ya mchele mkavu zisiharibike. Mpishi alikaa muhula mzima akimwinda panya anayemaliza mchele wake, kumbe panya mwenyewe amevaa tai.

Wapo waliofaidika. Binti mmoja aliyekuwa amebakiwa na usikivu kidogo leo anapokea simu ofisini, na mama yake hunisimamisha njiani kunisimulia kana kwamba simu niliiunda mimi.

Lakini mikono! Mikono aliipiga vita. Darasani kwake mtoto alikalia viganja vyake asije akaongea kwa ishara. Nilimwambia, "Mwalimu, hawa bwenini wanapiga soga mpaka taa zinazimwa. Wewe ndiye usiyesikia." Akanijibu, "Bibi, wakienda dukani na vidole vyao, nani atawaelewa?" Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa inalala nyumbani kwake: mwanawe wa pekee alipoteza usikivu kwa homa, hata kusema hajaanza.

Mwana huyo ndiye aliyekuwa akionyeshwa wageni kama mfano. Alisoma midomo ya baba yake kama mtu anavyosoma gazeti. Nyumbani ishara zilikuwa marufuku, ila jikoni. Mama yake alijifunza kwa watoto wa bweni, akawa anafunga mlango wa jikoni wanaongea mama na mwana mpaka chakula kinaungua. Mzee alikula kilichoungua na hakuuliza.

Mwana akakua, akawa fundi wa kuchomelea vyuma, akaoa binti asiyesikia, wakajaliwa mtoto wa kike naye hasikii. Nyumba nzima wanaongea kwa mikono. Mama alipokuwa hai ndiye aliyekuwa daraja: mzee anasema, yeye anageuza. Mama akatangulia. Haukupita muda, mzee akang'olewa meno ya mbele, akawekewa ya bandia, midomo ikabadilika umbo. Mwana akamtazama, akamtazama tena, asiambulie kitu. Miaka yote ile ya kioo na koo ilikuwa imeegemea jozi moja ya midomo, na midomo nayo huzeeka. Hakuna aliyelifikiria hilo, hata mimi mwenye kimbelembele.

Na huko kwa mwanawe ndiko anakokwenda kuishi.

Sasa msianze kumlilia. Alijipeleka mwenyewe kwa mwalimu wa ushonaji, mama asiyesikia, ambaye utotoni alikalia viganja mbele yake. Akamwomba amfundishe ishara. Yule mama akakubali, ila kudekezwa hakuna: mzee akikosea kidole, anagongwa na rula ya kukatia vitambaa, na watoto dirishani hoi kwa kicheko. Vidole vyake vimekauka kama kuni. Anachokipata leo, kesho hakipo. Nilimwambia angeanza siku ile niliyomwambia, sasa hivi angekuwa anatania nazo. Hakubisha. Zamani angebisha mpaka chai ipoe, na mimi nilimpenda hivyo.

Nyinyi wazazi mnaosoma hapa mkijipepea na karatasi hii, mvalisheni mtoto mashine, sawa, ila mikono yake mwacheni nayo. Na yenu itoeni mifukoni.

Jumamosi iliyopita mwana alikuja na familia yake kubeba mizigo. Mjukuu akasimama mbele ya babu mlangoni, mikono ikaruka. Mzee hakuambulia kitu. Akanigeukia mimi. Nikakunja mikono yangu nikamwambia, "Babu yake ni wewe. Mwombe arudie." Akamwomba, kwa mikono. Mtoto akarudia polepole, kama anayemsemesha mgeni: Utakaa kwetu mpaka lini?

Nilimwona akiwa na jibu zima mdomoni, refu, la miaka. Mikononi hakuwa nalo. Mwanawe alikuwa amesimama na sanduku begani, haendi wala harudi. Mwishowe mzee akapiga ishara moja tu: Nakaa. Kidole gumba kilikuwa kimekwenda kusiko, lakini walimwelewa. Mwana akaliingiza sanduku garini.

Mwalimu, asante kwa kila mtoto aliyejua kuwa koo lake lina sauti. Asante kwa kukubali kugongwa vidole ukubwani. Tunakutakia maisha mema huko uendako, taa yenye mwanga mkali juu ya meza ya chakula, na mjukuu asiyechoka kurudia.