Pedeli ya Tatu

Kijiwe chetu kina benchi moja la mbao, ndoo mbili za kugeuza ukakalia, na meza ya mama wa kahawa yenye mguu mmoja mfupi uliotegewa kipande cha tairi. Kulia kwetu ni gereji ya Spana, fundi wa giaboksi. Kushoto ni shule ya udereva ya Mwalimu: chumba kimoja, ubao wa alama za barabarani, na kigari cheupe cha kufundishia ambacho siku zote huegeshwa pua ikiitazama meza ya kahawa. Ng'ambo ya barabara kuna cherehani ya mke wa Mwalimu, ambaye sote tunamwita Shemeji. Mimi ni mchora mabango, naitwa Brashi, na maandishi yote ya mtaa huu ni kazi ya mkono wangu, makosa yakiwemo. Siku hiyo saa tano na nusu Mwalimu alikuwa ameilaza simu yake mezani katikati ya vikombe, na sote tulikuwa tunaitazama kama tunatazama mgonjwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Yadi ya magari pale juu walikuwa na magari mawili ya spoti, mekundu, mapacha wa mwaka mmoja, milango miwili miwili. Tofauti yao ipo miguuni: moja lina pedeli tatu, gia za mkono, la pili lina pedeli mbili, otomatiki. Mwalimu anastaafu mwisho wa mwezi na alishasema moja ni lake. Lakini kuna mteja mwingine anayetaka lolote litakalobaki, na mwenye yadi alisema atapiga saa sita kamili. Mwalimu ataje moja. Asipotaja, mteja yule atachagua mwanzo.

Msione ni jambo dogo. Mwalimu amekaa kiti cha kushoto miaka thelathini na moja. Nusu ya wanaoshika usukani mjini hapa kawashikisha yeye, na katika miaka yote hiyo mwendo wake mkubwa kazini haukuwahi kumshinda mbwa mwenye haraka. Alichotaka ni barabara moja tupu, asubuhi moja, usukani uko mbele yake na hakuna mtu wa kumwambia punguza.

Gia Tano ndiye aliyekuwa ameshika baraza. Huyu aliendesha lori mpaka lori likastaafu kabla yake, na bado akikaa benchini mkono wake wa kushoto huwa unatafuta gia kwenye paja la jirani.

— Hakuna cha kuchagua hapa, alisema. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mguu mmoja hauendeshi gari.

Spana akajibu kwamba yeye anakula kwa giaboksi za mkono walizoziua watu wa miguu miwili, kwa hiyo hana ugomvi nazo, lakini gari la spoti la siku hizi lenye otomatiki linabadili gia kabla hujamaliza kuwaza.

— Ndiyo ubaya wake, alisema Gia Tano. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Otomatiki ukiachia breki tu, linajitembeza lenyewe.

Mama wa kahawa akacheka mpaka akamwaga kidogo. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya benchi, mguu wa kushoto kaunyoosha mbele yake kama mtu anayemsubiri wa kumkwaza.

Mguu ule nilikuwa naujua. Wiki tatu kabla nilimsindikiza hospitali. Daktari alimwonyesha picha ya goti na kumweleza kwamba gegedu limelika, limelika upande ule ule wa klachi ya mwalimu, ile ya ziada iliyopo kiti cha kushoto, ambayo ameikanyaga kuokoa giaboksi za watoto wa watu tangu ujana wake. Asibonyeze kitu kizito tena, daktari alisema. Tulipotoka nje Mwalimu alinishika kola. "Brashi, ukilitoa hili kijiweni, nami nitakutoa utumbo." Kumwambia mtu kama mimi anyamaze ni kumwambia jogoo alale mpaka saa nne, lakini nilinyamaza.

Mtasema si achukue otomatiki, aponye goti lake. Tazameni juu ya mlango wa shule. Herufi za buluu, nilizichora mwenyewe, maneno ni yake: HAPA TUNAFUNDISHA KUENDESHA, SIO KUBEBWA. Miaka thelathini na moja amewaambia wanafunzi kwamba otomatiki ni kiti chenye magurudumu. Wanafunzi hao leo ni madereva wa mabasi, ni manesi, ni askari wa trafiki, na wote wakipita hapa humwamkia.

Saa sita kasoro ishirini mabishano yalikwisha kuacha barabara, yakawa yanakata porini. Spana alidai otomatiki huwa na akili na humsoma mwenye gari. Kuna mteja wake giaboksi iligoma kila alipoelekea kwa mama mkwe, na akigeuza tu inalainika. Gia Tano hakukubali kupitwa. Alisema mguu wa kushoto usiokanyaga klachi hunyauka. Unaanza kwa ganzi, unafuata ufupi, na ndiyo sababu wenye otomatiki wakishuka garini huegemea mlango kwanza, wakijifanya wanatafuta funguo.

— Mwanamume ni mguu wa kushoto, akamalizia. Wa kulia hata mbuzi anao.

Nikamuuliza mbuzi gani aliyemwona na mguu mmoja. Watu wakacheka, na nilitaka wacheke sana, wacheke mpaka saa sita ipite. Lakini Gia Tano alikuwa ameshauona ule mguu ulionyooshwa.

— Mwalimu, mbona leo mguu umeuweka maonyesho?

— Unapumzika.

— Unapumzika na nini? Jana ulimtuma mwanafunzi akukunjie mkeka wa gari. Juzi ulizunguka uwanja mzima usipande ngazi tatu.

Mwalimu akavuta kofia machoni. Watu wakaacha vikombe, na kijiwe kikiacha vikombe ujue kuna mtu anachunwa. Gia Tano akasimama, akaenda akasimama kati ya meza ya kahawa na pua ya kigari cheupe, akapiga boneti kofi moja.

Alisema hivi: gari la spoti klachi yake ni ngumu kuliko hii, na foleni za mjini zinajulikana. Mwalimu aingie, awashe, atie gia ya kwanza, ashushe breki ya mkono, akanyage klachi hadi mwisho, na kijiwe kihesabu hadi sitini. Dakika moja tu ya foleni. Akiweza, asitikise kichwa tena, achukue la mkono. Akishindwa, basi achukue kiti chake chenye magurudumu, na Brashi alete ngazi abadilishe lile bango.

— Hii ni michezo ya watoto, nilisema. Mwalimu, usimjibu.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na klachi, alisema Gia Tano.

Mwalimu alikuwa ameshainuka. Aliinuka kwa mikono miwili, mmoja kwenye benchi na mmoja kwenye bega langu, na uzito alioniachia begani ulitosha kunieleza mwisho wa habari hii. Nikadai lazima awepo shahidi ndani ya gari. Hakuna aliyebisha. Nikaingia kiti cha kushoto, kiti chake, na kwa mara ya kwanza nikaona pedeli mbili za mwalimu zikiwa chini ya miguu yangu mwenyewe. Mimi sijui kuendesha hata toroli. Lakini zile pedeli niliwahi kuzipaka rangi: nyekundu breki, nyeupe klachi.

Akawasha. Akatia gia ya kwanza. Breki ya mkono ikashuka. Gia Tano alikuwa mbele ya boneti, kikombe mkononi, akaanza kuhesabu kwa sauti ya mnada.

Hadi ishirini Mwalimu alikuwa anatazama mbele kama mtu yuko safarini. Thelathini, jasho likatoka chini ya kofia. Thelathini na tano, goti likaanza kutetemeka, tena si kidogo; lilikuwa linagonga chini ya usukani. Arobaini, nikaona pedeli yangu nyeupe inapanda polepole, maana zile klachi mbili zimeunganishwa, yake ikipanda na yangu inapanda. Gari likasogea unywele mmoja.

Nikaweka kiatu changu juu ya rangi nyeupe, nikakanyaga.

Pedeli ikashuka. Mwalimu hakugeuka, ila nilisikia pumzi yake ikitoka yote kwa mkupuo. Alijua. Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyewafanyia wengine hivi, wakashuka wakidhani wameweza wenyewe. Nje Gia Tano alikuwa amefika arobaini na tisa, na sauti ilishaanza kupungua kiburi. Hamsini. Hamsini na moja. Mguu wangu nao ukaanza kuwaka, na hapo ndipo nilipoipa heshima ile kazi.

Hamsini na tatu, simu ikaita mezani.

Niliruka. Nakiri, niliruka kama paka aliyemwagiwa maji, na kiatu kikaponyoka. Kigari kikachupa mbele mara moja, kikaigonga meza, kikazimika. Birika likaanguka, jiko likapinduka, vikombe vikatawanyika, na Gia Tano, aliyewahi kuruka kando, akabaki amebandikwa kwenye benchi, bampa iko shubiri moja kutoka kwenye magoti yake. Hakuna aliyeumia. Simu ilikuwa chini kwenye dimbwi la kahawa, inaita bado, hadi ikakata.

Mama wa kahawa aliwahi makaa kwa kopo la maji. Sisi wengine hatukusogea. Nikashuka, nikafungua mdomo niseme ni mimi, mguu ni wangu, kosa ni langu. Mwalimu akanitangulia, akiwa bado ndani.

— Mguu wangu ulikufa kwenye arobaini. Sekunde zilizobaki ni za Brashi. Goti limekwisha, jamani. Daktari kasema nisiguse klachi tena.

Gia Tano alikuwa anatazama bampa. Ndevu zake zilikuwa na kahawa. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

— Si ungeniambia, ndugu yangu. Basi chukua otomatiki. Nani atakusema?

Mwalimu akainua macho kwenye bango lake, akayaacha hapo. Saa ilikuwa sita kasoro dakika nne; mwenye yadi alikuwa amewahi kupiga, na angepiga tena.

Shemeji alikuwa ameshavuka barabara. Mkanda wa kupimia ulikuwa shingoni, pini mbili zimebanwa midomoni. Alizitoa, akazichomeka kwenye ukosi, akamtazama mumewe kwenye usukani, akatazama meza iliyolala, akatutazama sisi mmoja mmoja. Tukamweleza kwa zamu, kila mmoja akijitoa kwenye kisa. Otomatiki, gia za mkono, goti, heshima, bango. Alisikiliza yote, mikono kiunoni.

— Nimewasikia tangu asubuhi, alisema. Mtaa mzima umewasikia. Sasa hilo gari, ataendesha nani?

Spana akasema ni Mwalimu, tena bila shaka. Akaangalia goti.

Shemeji akatia mkono mfukoni mwa aproni, chini ya chaki na vifungo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa, akakiweka juu ya boneti. Ilikuwa leseni. Picha yake, jina lake, tarehe ya miezi miwili nyuma.

Mwalimu alishuka. Aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma, kama anavyosoma za wanafunzi wake akitafuta kosa.

— Nani kakufundisha?

— Shule ya kule sokoni. Siku zile nilizokuwa naenda kununua vitambaa.

— Gia gani?

— Za mkono. Si umesema mwenyewe mengine ni kubebwa?

— Kwa nini hukuniambia mimi?

— Nilikuambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa ulisema wiki ijayo.

Simu ikaita tena. Mwalimu aliiokota, akaipangusa kahawa kwenye shati. Aliitazama, akamtazama mkewe, halafu akampa yeye. Shemeji akasema maneno machache tu: wanachukua lenye pedeli tatu, na wanakuja kulifuata sasa hivi. Akamshika mumewe mkono, akamwekea bega, na Mwalimu akaliegemea hadharani, mbele ya kijiwe kizima, wakapanda taratibu kuelekea yadi.

Tuliisimamisha meza. Tulirudisha kipande cha tairi mahali pake.

Baada ya nusu saa gari jekundu likatelemka barabara ile. Shemeji alikuwa kwenye usukani, mkanda wa kupimia bado uko shingoni. Mwalimu alikuwa kiti cha kushoto, kiti cha maisha yake, amejifunga mkanda, na walipotukaribia niliona goti lake la kulia linashuka na kupanda: anakanyaga breki ambayo haipo. Shemeji hakumtazama. Aliingiza gia ya pili mbele yetu, akaongeza mafuta, na kofia ya Mwalimu ikaruka dirishani. Hawakusimama kuiokota.

— Ya pili kaiingiza vizuri, alisema Gia Tano. Hata hukuisikia.

Spana akakubali. Mimi nikaenda kuiokota kofia. Niliporudi, mama wa kahawa alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha mwisho, halitoi kitu, akatuuliza bila kuinua macho:

— Na nyinyi wake zenu, wanajua kuendesha?

Gia Tano alimtazama Spana. Spana alinitazama mimi. Nikachungulia ndani ya kikombe changu, na ndani hamkuwa na hata masimbi ya kahawa.